Godoro Lililoziba Mlango

Msimamizi wa ukumbi wa ushonaji katika kile kiwanda cha magodoro aliitwa Bi Rula, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na mafundi, kwa kuwa hakuna mshono uliopita mbele yake bila kupimwa. Ukimpelekea kava la godoro lililopinda pembeni, hakufoka. Alilipima mbele yako, akakutazama, akalipima tena, na wewe mwenyewe ukalichukua kimyakimya ukarudi kwenye cherehani kufumua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na mafundi wake walimwogopa kidogo na kumpenda zaidi ya walivyomwogopa.

Kila mwaka, kiwanda kilipokaribia kufungwa kwa sikukuu, kiligawa zawadi kwa familia kadhaa za mtaa wa nyuma ambazo maisha yalikuwa yamezikaba. Zawadi zenyewe hazikubadilika: mfuko wa unga, dumu la mafuta, miche ya sabuni, na fulana yenye nembo ya kiwanda, ambayo siku zote ilikuwa kubwa mno kwa mtoto na ndogo mno kwa baba mtu. Watu walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakapigwa picha, basi. Mwaka huo meneja mpya, kijana wa kuvaa tai hata jua likiwa kali, aliwaita wasimamizi wote akawaambia kwamba unga na mafuta vitaendelea kama kawaida, lakini safari hii kila kitengo kipewe familia yake, kiende kuitembelea, kiulize watu wanapenda nini, na baada ya hapo kitumie akili. Wengine walinong'ona kwamba tai imembana shingo hadi hewa haifiki kichwani. Bi Rula, yeye, moyoni alifurahi kama msichana aliyeshonewa gauni jipya.

Ushonaji uliunganishwa na ukataji, na hapo ndipo alipoingia Wembe. Huyu alikuwa mkata sponji mkuu, bwana mrefu wa mikono mirefu, aliyeweza kuchana bonge la sponji kama mtu anayekata mkate, na muda wote huo mdomo wake usipumzike. Yeye na Bi Rula walikuwa wametaniana miaka na miaka. Akitaka kitu alimwita dada mkubwa. Akiwa amekosa alimwita msimamizi.

Familia yao waliipata kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyopakana na kiwanda. Ilikuwa ya bibi mmoja aliyeuza mayai ya kuchemsha kituo cha mabasi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bibi Mayai. Alikuwa akilea wajukuu watano. Binti yake mkubwa alikuwa amefariki, mdogo alikuwa amekwenda mbali kutafuta kazi na salamu zake zilifika kwa nadra, na watoto wa wote wawili wakawa wameangukia mikononi mwa bibi yao. Mwalimu mkuu alisema watoto wale hawakosi shule hata siku moja, na kwamba wote watano husinzia darasani.

Bi Rula na Wembe walikwenda kuwaona alasiri moja baada ya kazi. Chumba kilikuwa kimoja, kisafi, chenye pazia katikati, jiko pembeni, na ndoo ya mayai iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Nyuma ya pazia palikuwa na godoro ambalo fundi yeyote wa kiwanda kile angelionea haya. Katikati lilikuwa limebonyea likawa jembamba kama blanketi, na pembeni limenyanyuka, kwa hiyo yeyote aliyelilalia hakuwa na budi kubingirika hadi kati akutane na wenzake. Pale godoro lilipoishia waliunganisha gunia lililojazwa nguo kuukuu kwa ajili ya miguu.

Bibi Mayai aliwapokea vizuri, ila kwa jicho la pembeni. Wembe alimpa shikamoo ya unyenyekevu mwingi mno, na hilo likamtia wasiwasi zaidi, akadhani ni watu wa kuuza vyombo kwa mkopo. Alipoelezwa mambo yalivyo na kuulizwa anahitaji nini, alishukuru, akasema yeye hahitaji kitu, vitu hivyo wapelekewe wenye shida. Bi Rula akaona hapo hapati jibu, akawageukia watoto. Wa mwisho, msichana mdogo aliyeitwa Kifungo kwa sababu ya macho yake ya mviringo, hakungoja kuulizwa mara ya pili. Alisema wanataka godoro kubwa, kubwa kabisa, la kuwatosha wote sita, na Bibi alale katikati. Ndugu zake wakaitikia kwa pamoja kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Bi Rula akamtazama Bibi Mayai. Yule mama alitabasamu, akavuta ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

“Wakipenda wao, na mimi nimependa,” alisema.

Kwa Bi Rula hilo lilikuwa jibu tosha. Alichomoa futi yake ya kupimia, akamwambia Wembe ashike ncha, akapima sakafu kutoka ukuta hadi ukuta, urefu na upana, kisha akapima tena. Wakaaga kila mtoto kwa mkono, wakaondoka wakiwa wamejaa mipango.

Kiwandani kulikuwa na stoo ya mabaki, yaani vipande vya sponji vinavyobaki magodoro ya wateja yakishakatwa, ambavyo mwishowe husagwa ili kujazia mito. Meneja aliwaruhusu wachukue watakavyo. Basi wakajifunga kibwebwe. Kila mchana, wenzao wakiwa bado wanakula, Wembe na watu wake waliumeza mlo wao chapuchapu wakaenda stoo kuchagua. Vipande vizito viliwekwa chini, laini vikakaa juu, wakavibandika kwa gundi kimoja baada ya kingine, na kwa kuwa kila aina ya sponji ina rangi yake, godoro likaanza kutokeza kama bendera ya nchi isiyojulikana: njano, kijani, waridi, kijivu, tena njano.

Wanawake wa ushonaji nao walikusanya ncha za majora ya vitambaa, maua upande huu, mistari upande ule, wakashona kava lenye zipu ndefu kuliko zote zilizowahi kutoka katika ukumbi ule. Aliyeishona zipu hiyo alikuwa fundi mzee kuliko wote, waliyemwita Shangazi, na aliitazama kazi yake kama mama anavyomtazama mwanawe siku ya harusi. Watu wa ofisini, ambao familia yao ilikuwa imeomba meza ya kusomea, walipita kuchungulia wakijifanya wanamtafuta mtu. Meneja mwenyewe alikuja na tai yake, akakaa ukingoni, akajirusha mara mbili alipodhani hakuna anayemwona, kisha akaondoka na uso wa kikazi.

Ukumbi ule haukuwahi kuwa na raha kama siku zile. Wawili waliokuwa hawasalimiani kwa ugomvi wa kale juu ya kiti walijikuta wameshika ncha mbili za kitambaa kimoja, wakalazimika kuambiana vuta, legeza, na kufikia mwisho wa wiki walikuwa wanaulizana habari za nyumbani. Wembe aliimba, tena vibaya, na hakuna aliyemnyamazisha.

Siku ya mwisho ya kazi ilipofika, godoro lilipakiwa kwenye pikapu likamwagika pande zote, hivi kwamba kwa mbali ungesema gari limevaa kofia. Kwenye barabara kubwa mambo yalikwenda vizuri. Taabu ilianza pikapu iliposhindwa kuingia kichochoro cha kwa Bibi Mayai, ikabidi walishushe na kulibeba vichwani, wote, wanaume kwa wanawake. Walipita kati ya nyumba kwa hatua ndogondogo kama siafu waliopata panzi. Watu walitoka milangoni. Mmoja aliuliza kama ni paa, mwingine kama kuna mgonjwa juu yake. Watoto wa mtaa wakajipanga nyuma, na mbele kabisa alitangulia Kifungo, kifua mbele, akiwaambia watu wapishe, godoro linapita.

Bi Rula aliingia ndani kwanza pamoja na Bibi Mayai. Wakalitoa nje lile godoro kuukuu, wakasogeza jiko na ndoo, wakafagia. Kisha Bi Rula akaita kwamba walilete.

Hapo ndipo Wembe alipoutazama mlango, akalitazama godoro, akautazama tena mlango. Hakusema neno, jambo ambalo peke yake lilitosha kumshtua kila mtu. Walilisimamisha, likazidi kimo cha mlango. Waligeuza upande wa pili, hali ikawa ileile. Wakaamua kulikunja. Ilikuwa kazi ya mieleka, wengine wakilibana huku na huku, wengine wakisukuma kwa mabega, na kweli likaanza kuingia, likaingia hadi nusu. Sponji nzuri haipendi kukunjwa. Ile nusu iliyokwisha kuingia ilipoona nafasi ilifunguka kwa kishindo kama mwavuli, ikambwaga Bi Rula ukutani, na mlango ukazibika kabisa.

Walivuta, halikutoka. Walisukuma, halikuingia. Chumbani mkawa na giza kama la magharibi, mwanga pekee ukitoka kwenye kidirisha chenye nondo kilichokuwa juu ya jiko. Sauti ya Wembe ilifika kwa mbali, kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi.

“Msimamizi,” aliuliza, ingawa safari hii mwenye kosa hakuwa yeye, “mlango tuliupima?”

Bi Rula alisimama ameegemea ukuta. Miaka yote ile ya kuwapimia watu mishono yao, halafu mlango, kitu cha kwanza kukutana nacho ukienda kwa mwenzako, hakuuona. Masikio yalimwaka moto. Aliwafikiria watu wake waliokosa kupumzika kila mchana kwa sababu yake, na sasa wanatazamwa na mtaa mzima. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini hata hiyo ardhi ilikuwa imefunikwa na godoro.

Akasikia kitu kama chafya. Bibi Mayai alikuwa ameketi kwenye kigoda chake pembeni, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanamcheza. Alijizuia alivyoweza, akashindwa, akaangua kicheko kirefu cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, hadi kikampalia akaanza kujipigapiga kifuani.

“Nisamehe, mama,” Bi Rula alisema. “Nimekufungia ndani ya nyumba yako mwenyewe.”

“Kaa, mwanangu,” Bibi Mayai alijibu akipangusa machozi. “Tangu lini nimekaa humu bila mtoto kunipanda mgongoni? Hebu tustarehe kidogo.”

Akafunua ndoo, akatoa mayai mawili na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Wakamenya, wakala. Huko nje watu walikuwa wanabishana. Kuna waliotaka fremu ya mlango ing'olewe, kuna waliotaka seremala aitwe, na kulikuwa na sauti moja iliyokazana kushauri ukuta uvunjwe, lakini huyo alikuwa mpangaji wa jirani aliyekuwa hapatani na mwenye nyumba.

Baada ya muda Bibi Mayai alinyoosha mkono akalipapasa godoro. Alisema ni zuri, ni laini, watoto watalipenda sana. Aliyasema yote hayo vizuri kabisa. Lakini Bi Rula alikuwa na sikio la kuisikia cherehani inayokaribia kukata uzi kabla fundi mwenyewe hajatambua, na katika sauti ile alisikia kitu kimelegea.

“Na wewe je, mama?” aliuliza. “Siku ile nilikuuliza unahitaji nini, kisha nikawauliza watoto wanapenda nini. Unachopenda wewe sikukuuliza.”

Bibi Mayai alikusanya maganda ya yai kiganjani. Akatazama dirishani kuhakikisha hakuna sikio, akainamisha kichwa karibu na cha mwenzake.

“Nataka kulala peke yangu,” alisema.

Hilo lilipotoka, mengine yakafuata kama maji yaliyopata mfereji. Alieleza kwamba Kifungo hupiga mateke usiku kucha kama mbuzi aliyefungwa kamba. Anayemfuata Kifungo huzunguka kama mshale wa saa, akilala kichwa kiko ukutani, akiamka kiko mlangoni. Mkubwa wao huvuta shuka lote akajiviringisha nalo, na ukimwomba pembe moja hasikii. Yeye mwenyewe huamka jogoo wakiwa bado wamelala ili achemshe mayai, na ile saa usingizi unapoanza kunoga ndiyo saa ya kutoka. Akilala katikati hawezi kugeuka. Akilala pembeni, mguu mmoja unalala sakafuni. Alisema anawapenda watoto wale kuliko macho yake. Lakini mbavu zake zimechoka.

Bi Rula alimuuliza kwa nini hakusema.

“Nitasemaje, mwanangu? Mama zao mmoja kaondoka harudi, mwingine kaondoka hajarudi. Nami niwaambie sitaki kulala nao?”

Bi Rula alilitazama lile godoro lililowajaa mbele ya uso, akaifikiria zipu ya Shangazi, akafikiria rangi zote zile walizozibandika kwa mahesabu. Kisha akashangaa kujiona anacheka, mwanzoni kwa chini, halafu kicheko kikampanda, na mwishowe wakawa wameshikana mikono wawili wale, wanacheka gizani kama wasichana wa bweni taa zikishazimwa. Aliposhika pumzi alimwambia Bibi Mayai kwamba jambo hilo awaambie watoto kwa mdomo wake mwenyewe, na mengine yote amwachie yeye.

Wakamwita Kifungo. Kaka yake alimbeba mabegani, uso wake ukatokea dirishani, mikono imeshika nondo. Bibi Mayai akamsogelea.

“Mjukuu wangu, nikiwa na godoro langu dogo, hapohapo karibu na lenu, utalia?”

Kifungo alifikiri. “Karibu kiasi gani?”

“Ukinyoosha mkono unanishika.”

“Na mguu?”

“Mguu usinifikie.”

Nje watu walicheka. Kifungo akateremka kwenda kushauriana na ndugu zake, na minong'ono ikachukua muda. Aliyeleta jibu alikuwa mjukuu mkubwa, msichana mwenye adabu zake, aliyesimama chini ya dirisha na kusema kwamba wamekubali. Tena, kama Bibi hatakasirika, ukweli ni kwamba Bibi anakoroma. Wao walikuwa wameshapatana tangu zamani kwamba alale katikati ili kukoroma kule kugawanywe sawa, asiwepo wa kuonewa.

Kumbe muda wote huo Bibi Mayai alikuwa anavumilia mateke ili asiwavunje moyo, na wao wanavumilia kelele ili wasimvunje yeye. Kifungo akapandishwa tena dirishani kwa neno la mwisho.

“Nikiota vibaya nitakuja,” alisema.

“Njoo,” bibi yake alimwambia. “Ukiota vibaya, njoo.”

Bi Rula akasogea dirishani, akamwita Wembe, akamwambia alete kisu. Wembe alijifanya hajasikia. Alipoambiwa tena, kukazuka ghasia. Vijana wa ukataji walisema kazi ya michana yote ile haiwezi kuchanwa kama boga. Shangazi, kwa sauti ya mtu aliyefikiwa na msiba, alisema zipu yake haikatwi ng'o. Bi Rula aliwaacha waseme wamalize. Kisha akawaeleza kwamba aliyekosea ni yeye, na kosa lenyewe halikuwa la mlango tu. Alikuwa amewauliza watoto, akachukua jibu lao akamvalisha bibi yao bila kumpima. Zawadi ya huyu mama imo humohumo ndani ya godoro, inangoja kutolewa.

“Na zipu, Shangazi, tutaifumua polepole mimi na wewe,” alimalizia. “Kisu hakitaigusa.”

Shangazi akauliza nani ana mkasi mdogo.

Zipu ilikuwa imebanwa mlangoni haifunguki, basi wakafumua mshono wake, Shangazi akiwa nje na Bi Rula ndani, hadi kava likavuliwa kama gauni. Wembe akapitisha kisu cha pili kati ya nondo, kimefungwa vizuri kwenye kitambaa, akamwelekeza Bi Rula afuate mstari wa gundi, pale kijani kinapokutana na waridi, asikandamize, avute tu. Bi Rula hakuwahi kukata sponji maishani mwake. Mkono wa kwanza ulikwenda mrama, wa pili ukanyooka. Yeye alikata kutoka ndani, Wembe kutoka nje, kila mmoja akielekea mlangoni, na Bibi Mayai akiwa amemshikia kipande kisirudi.

“Umefika wapi, dada mkubwa?”

“Nakiona kisu chako.”

“Basi tunyamaze, tusije tukakatana vidole.”

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Wembe kupendekeza kimya, na mafundi wake walimkumbusha hilo kwa miezi.

Visu vilipokutana, godoro zima lilishusha pumzi. Kipande chembamba kikavutwa nje, na lile kubwa, upana ukiwa umepungua, likasimamishwa kwa ubavu likateleza mlangoni kama barua inayoingia kwenye bahasha. Mwanga ukajaa chumbani. Mtaa ulipiga makofi, hata mwenye nyumba, ambaye alikuwa amekuja mbio baada ya kusikia kuna mpango wa kuvunja ukuta wake.

Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa fundi nguo, mwenye cherehani barazani. Shangazi alikaa hapo bila kuombwa mara mbili, akaligawa lile kava, maua yakaenda kwa Bibi, mistari kwa watoto, na zipu ikabaki kwa watoto ikiwa nzima. Unga, mafuta na sabuni viliingizwa ndani. Fulana, kama kawaida, haikumtosha mtu.

Godoro dogo lililazwa kando ya ukuta, nafasi ya mkono mmoja kutoka lile kubwa, ambalo watoto walikuwa tayari wanajirusha juu yake. Watu wakamwomba Bibi Mayai ajaribu lake. Alikataa. Alisema ana wageni, hata chai hawajanywa, mtu mzima halali mbele za wageni. Bi Rula akamwambia ni kujaribu tu, kama mtu anavyojaribu kiatu dukani. Basi akaketi, akavua kandambili, akanyoosha miguu yote miwili. Akageukia ukutani, akageukia huku, na hakuna aliyemzuia.

“Kumbe,” alisema.

Akafumba macho ili aionje vizuri ile nafasi, na usingizi ukamchukua hapohapo.

Walisubiri ayafumbue. Badala yake alianza kukoroma, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu zote. Mjukuu mkubwa aliwatazama wageni mmoja mmoja kama shahidi ambaye maneno yake yamethibitika. Kifungo aliweka kidole mdomoni, akawazungukia wote kuhakikisha wameelewa. Wale mafundi, watu wazima wenye familia zao, wakatoka kwa ncha za vidole, viatu mkononi. Nyuma yao watoto waliacha kujirusha, wakajilaza kwenye godoro lao wakiwa wamenyooka kila mmoja na mahali pake, wakitazamana kwa macho makavu, wasijue waifanyie nini nafasi yote ile.

Sikukuu ikapita. Siku ya kwanza ya kurudi kazini, Bi Rula alishuka kituoni asubuhi akakuta watu wa zamu ya alfajiri wamejipanga wananung'unika, muuza mayai hajaonekana. Alijipanga nao. Kulikuwa kumekucha kabisa Bibi Mayai alipotokea na ndoo yake kichwani, mwendo wa taratibu, alama ya mshono wa godoro ikiwa imejichora shavuni. Wateja walimuuliza kulikoni, kama anaumwa, kama watoto ni wazima.

“Nimelala,” aliwajibu, akafunua ndoo akaanza kuwagawia mayai, bado ya moto.